Mkopo wa benki sasa au tusubiri deni la Bodi liishe? Familia ya watoto wawili, kiwanja hakijapimwa

Mama_Wawili

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoelewa hesabu za familia. Naweka namba zote ili nisijibiwe kwa jumla jumla.

Nina miaka 35, nimeajiriwa kampuni binafsi Dar, tumepanga Kibaha. Mshahara wa msingi ni 1,500,000, posho hakuna. Mume ni fundi umeme wa kujitegemea: mwezi mbaya analeta 300,000, mwezi mzuri hadi 900,000. Watoto wana miaka 8 na 3. Mkubwa yuko shule ya binafsi, ada 1,200,000 kwa mwaka, awamu nne. Mama mkwe ana miaka 68, yuko Singida, tunamtumia 70,000 kila mwezi. Deni la Bodi ya Mikopo (mkopo wa chuo) limebaki 5,400,000. NSSF nina miezi 96. Bima ni NHIF kupitia ofisini. Kiwanja tunacho, 20 kwa 20, kina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Akiba taslimu ni 400,000.

Matumizi ya mwezi: kodi 200,000 (tunalipa miezi sita kwa mkupuo, Januari na Julai), chakula 380,000, nauli 110,000, umeme, maji na gesi 75,000, ada tukiigawa ni 100,000, mama mkwe 70,000, bando 25,000, michango ya harusi na misiba 40,000.

Benki inayopitisha mshahara wangu imenipa ofa ya mkopo wa 6,000,000 kwa miezi 36, riba asilimia 18, ili tuinue boma (kuta bila paa). Mume anaona tuchukue. Je, tuchukue sasa? Na kama hapana, pesa ianzie wapi: dharura, ujenzi, UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) ya watoto, au kumaliza Bodi haraka?

---

Daftari_la_Hesabu

Dada, tuanze na karatasi ya mshahara, maana mipango mingi hujengwa juu ya namba isiyo sahihi. Kwenye 1,500,000 hutoka kwanza NSSF asilimia 10, yaani 150,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 1,350,000 iliyobaki: 128,000 kwa milioni ya kwanza, halafu asilimia 30 ya 350,000 ambayo ni 105,000. Jumla 233,000. Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 225,000. NHIF asilimia 3, 45,000. Mkononi inabaki 847,000. Kagua kwamba kodi yako ni 233,000 kweli. Wapo wahasibu wanaopiga kodi kwenye mshahara mzima bila kutoa NSSF kwanza, na hapo ungekatwa 278,000. Hiyo ni 45,000 yako inayopotea kila mwezi.

Sasa kipato cha shemeji. Kwenye bajeti kiandike 300,000, ile ya mwezi mbaya. Wastani hauna kazi hapa, kwa sababu mwenye duka na mwenye nyumba hawalipwi kwa wastani. 847,000 na 300,000 ni 1,147,000. Matumizi uliyoorodhesha ni 1,000,000 kamili. Kwa hiyo nafasi uliyonayo ya uhakika ni 147,000 kwa mwezi. Mkopo wa 6,000,000 kwa riba ya asilimia 18 inayopigwa kwenye salio, miezi 36, ni rejesho la karibu 217,000. Mwezi mbaya wa shemeji unakuacha na pengo la 70,000, na pengo hilo hujazwa na mkopo wa simu. Hapo ndipo familia nyingi zinapoanzia kuzama, kwenye pengo dogo la kila mwezi. Ule mkopo mkubwa wenyewe huwa unalipika.

Jambo la kutazama ni hili: deni la Bodi, 5,400,000 kwa 225,000, linaisha baada ya miezi 24. Siku hiyo nafasi yako inapanda kutoka 147,000 hadi 372,000 bila kuongezwa mshahara hata shilingi. Mkopo uleule unaokunyonga leo utalipika bila shida wakati huo. Na usikimbilie kulimaliza mapema. Ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halikui. Shilingi unayoipeleka Bodi kabla ya wakati haikuokolei kitu, ila inakunyima akiba. Cha kufanya ni kuomba taarifa ya deni miezi mitatu kabla halijaisha na kuipeleka kwa mwajiri, maana makato hayajisimamishi yenyewe na kurejeshewa kilichozidi huchukua muda.

Tatizo lako la karibu ni Januari. Siku chache za mwezi huo zinadai kodi ya nyumba ya miezi sita 1,200,000, ada ya awamu ya kwanza 300,000, na sare na madaftari tuseme 150,000. Jumla 1,650,000. Watu hugawa kwa 12 na kuona wako salama, kumbe mzunguko wa kwanza una pengo. Ukianza kutenga Oktoba, 300,000 kwa mwezi (200,000 ya nyumba na 100,000 ya ada), Januari ikifika una 900,000 na unahitaji 1,650,000. Mwaka wa kwanza gawa kiasi kinachodaiwa kwa miezi iliyobaki, usigawe kwa 12. Pengo la 750,000 lijazwe na 400,000 uliyonayo pamoja na zile 147,000 za miezi mitatu, 441,000. Hapo linatosha na chenji kidogo inabaki. Kuanzia Februari ugawaji wa kawaida utabeba.

Kwa shemeji, tenganisha mambo mawili. Advansi ya mteja ya kununua nyaya, swichi na mabomba si kipato, na ikipita jikoni atalazimika kukopa ili amalize kazi ya mtu. Iwe na laini yake au akaunti yake. Kinachobaki baada ya vifaa na msaidizi wake ndicho kipato, kiingie sehemu moja, na tarehe 1 familia ichukue 300,000 tu, mwezi uwe mzuri au mbaya. Salio likifika 600,000, yaani miezi miwili ya kuchukua, kila kinachozidi hapo ndicho ziada halisi. Ndicho pekee kiguse ujenzi.

Mpangilio wa ile 147,000, basi: kwanza Januari izibwe, halafu dharura ya mwezi mmoja wa matumizi (1,000,000), halafu miezi mitatu (3,000,000). Kwa miezi 24 hiyo 147,000 peke yake ni 3,528,000. Dharura usiiweke yote sehemu moja. Kama 300,000 ikae kwenye simu au benki unapoweza kuitoa usiku. Inayobaki iende Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao kiwango cha kuanzia ni 100,000 na nyongeza 10,000. Ukiomba kutoa, pesa hulipwa ndani ya siku tatu za kazi. Ombi la Ijumaa jioni ni pesa ya wiki ijayo, na mtoto akiugua Jumamosi haitakusaidia. Ndiyo maana ya ile 300,000.

---

Karani_wa_Ushirika

Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongezea upande wa mkopo wenyewe. "Asilimia 18" haitoshi kukuambia bei. Uliza benki neno moja: riba inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote mpaka mwisho? Kwenye salio linalopungua, rejesho ni karibu 217,000 na riba yote kwa miezi 36 ni karibu 1,809,000. Ikipigwa kwenye mkopo wote, riba ni 6,000,000 mara asilimia 18 mara miaka mitatu, 3,240,000, na rejesho ni 256,667. Asilimia ileile, tofauti ya zaidi ya 1,400,000. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa kabla ya kusaini. Likionyesha riba ya mwezi wa kwanza 90,000 na ikipungua kila mwezi, ni salio linalopungua. Ikiwa 90,000 mwezi wa kwanza na 90,000 mwezi wa 36, fungasha karatasi zako uondoke.

Kuna ada ya kuandaa mkopo na bima ya mkopo. Mara nyingi hukatwa mwanzoni, kwa hiyo unapokea pungufu ya 6,000,000 lakini unalipa riba ya 6,000,000 kamili. Uliza pia adhabu ya kulipa mapema.

Halafu kuna nyongeza ya mkopo, ile ambayo afisa anakupigia simu katikati ya safari kukuambia "unastahili kuongezewa". Tazama hesabu. Baada ya miezi 18, nusu ya muda, deni lililobaki kwenye mkopo wako lingekuwa karibu 3,400,000, siyo 3,000,000, kwa sababu miezi ya mwanzo unalipa riba zaidi. Nyongeza inafuta hayo 3,400,000, inakupa taslimu kidogo na kuanzisha miezi 36 mipya, na wewe unarudi kwenye ile miezi yenye riba kubwa. Mtumishi anayefanya hivyo kila mwaka na nusu anastaafu akiwa bado anarejesha. Mkopo mmoja, kazi moja, umalizike.

SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ya kazini au ya kata ni njia nzuri kwenu kwa ile miezi 24 ya kusubiri. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo kukopa 6,000,000 unahitaji akiba ya 2,000,000 ndani. Hisa, akiba na amana ni vitu vitatu tofauti: hisa huchukui ukiwa mwanachama, akiba ndiyo dhamana ya mkopo, amana unaweza kuitoa. Wengi hujikuta wameweka kwenye akiba pesa ya ada, na Januari wanaambiwa haitoki kwa sababu inadhamini mkopo wa mtu. Hapo kuna jambo la kuliangalia mara mbili. Ukimdhamini mwenzako naye akaacha kazi, ni akiba yako inayokatwa. Weka kikomo chako cha udhamini kabla hujaombwa, na kiwe kiasi unachoweza kukilipa mwenyewe.

Kabla ya kujiunga, hakikisha ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, uliza hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na soma mstari wa mikopo isiyolipika. Ukinyimwa hesabu, jibu umepata.

Kuhusu kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa: mkopeshaji mwenye leseni ya daraja la pili (asiyepokea amana) ya Benki Kuu, BoT, haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 500,000 hiyo ni 17,500. Anayekutoza 100,000 kwa mwezi kwa laki tano yuko nje ya sheria, hata kama ana ofisi na kiyoyozi. Programu za simu nazo zichunguze. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni. Zile zinazoomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako zinataka njia ya kukudhalilisha kwa ndugu na wakwe ukichelewa.

---

Tofali_na_Lenta

Mimi siko mbali na wenzangu, ila naona upande wa ujenzi mmeupita haraka. Dada analipa kodi 200,000. Miezi 24 ya kusubiri ni 4,800,000 kwa mwenye nyumba. Kusubiri kuna gharama, na shemeji hakosei kuona hivyo. Lakini tatizo la mkopo huu ni kwamba 6,000,000 haimalizi nyumba. Inainua boma. Boma bila paa haliondoi kodi, kwa hiyo mtalipa rejesho na kodi kwa pamoja kwa miaka mitatu. Mkopo wa ujenzi una maana pale unapowatoa kwenye nyumba ya kupanga: vyumba viwili na choo, vimepauliwa, vina madirisha na umeme. Sebule na vyumba vingine vitafuata. Chora ramani ya nyumba nzima, jenga upande mmoja kwanza, na uache nondo za kuungia zikiwa zimefunikwa kwa zege jepesi. Zikiachwa nje misimu miwili ya mvua zinashika kutu mpaka haziungiki.

Kabla ya tofali hata moja, karatasi. Kiwanja kisichopimwa kina hatari tatu: aliyekuuzia anaweza kuwa amemuuzia mwingine, kinaweza kuwa kwenye hifadhi ya barabara au eneo la wazi kwenye mchoro wa mipango miji, na benki haitakipokea kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na koordineti za kona nne, uliza kama mchoro wa eneo lenu umeidhinishwa na kiwanja chenu kimeangukia matumizi gani. Kama kuna urasimishaji (kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa) unaendelea mtaani, jiungeni, kwa sababu kupima pamoja ni nafuu sana kuliko kumleta mpima peke yenu. Hati itoke kwa majina mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mmoja kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini majina mawili kwenye hati yanamaliza mabishano kabla hayajaanza.

Wakati karatasi zinatembea, ziada ya shemeji ifyatue tofali, ila kwa mpangilio. Usinunue saruji ya kuweka. Mfuko ukikaa zaidi ya miezi mitatu, hata ndani ya stoo, unaanza kushika unyevu na kupoteza nguvu. Nunua ya wiki hiyo. Mfuko wa kilo 50 utoe tofali 25 hadi 30 za inchi sita. Fundi akikuambia anatoa 45, ukuta huo utachimbika kwa msumari. Zimwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba angalau, chini ya kivuli au turubai. Tofali lililokauka kwa jua siku ya pili linaonekana gumu juu, lakini ukiligonganisha na lenzake linatoa sauti ya udongo na kona zinamung'unyuka.

Na kila mkisimama, simameni kwenye hatua inayohimili mvua. Msingi uliojazwa kifusi na kumwagiwa jamvi (sakafu ya zege) unakaa. Kuta zilizofungwa lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) zinakaa. Kuta za kozi (mistari ya tofali) tano bila lenta, au mbao za kenchi bila bati, ni pesa inayooza mbele ya macho yenu.

---

Mama_Wawili

Asanteni sana wakuu, mume naye anasoma. Hesabu ya Januari imetugusa wote wawili. Nimebakiwa na maswali mawili: mama mkwe anaweza kuingia kwenye NHIF yangu au ni wazazi wangu tu? Na hii NSSF, nikiacha kazi kabla ya kustaafu ili tufungue duka la vifaa vya umeme, napoteza nini?

---

Mzee_wa_Mafao

Mwanangu, kwenye NHIF ya mchangiaji kuna nafasi sita: wewe, mwenza na wategemezi wanne. Wategemezi ni watoto, wazazi wako na wazazi wa mwenza wako pia. Mmetumia nafasi nne. Mbili ziko wazi, na mama mkwe anaingia. Kinachokwamisha ni majina. Utahitaji cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mume kinachoonyesha jina la mama yake, na jina hilo lifanane na la kitambulisho chake cha NIDA. Mara nyingi cheti kina jina la utotoni na NIDA ina jina la ndoa au la ubatizo. Suluhisho ni hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Fanyeni hilo sasa akiwa mzima. Kuanza kutafuta kiapo mgonjwa akiwa wodini ni mateso.

Akishaingia kwenye kadi, chukueni ile 70,000 mnayomtumia mwangalie ilikuwa inaenda wapi. Kama sehemu kubwa ilikuwa dawa za presha, mnaweza kumpunguzia gharama hiyo bila kumpunguzia heshima, na yeye mwenyewe aambiwe. Mzee akikuta kiasi kimeshuka bila neno anaona ametupwa.

Kwenye NSSF, namba ya kukariri ni 180. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi isiyopungua 180, na umri wa miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Una 96, bado 84, yaani miaka saba. Ukiacha ukiwa na miezi 170, umefanya karibu kazi yote na hupati pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo kama duka linakuita, ama usubiri 180 itimie, ama uendelee kuchangia kwa hiari kama uliyejiajiri bila kuacha shimo. Shemeji wenu naye anaweza kujiandikisha kwa njia hiyohiyo kama fundi.

Kanuni inafanya kazi hivi. Miezi ya michango inagawanywa kwa 580, halafu inazidishwa na wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora. Miezi 180 inakupa asilimia 31 ya wastani huo. Ukifika miaka 60 bila kukatiza utakuwa na miezi 396, na hiyo ni asilimia 68. Sehemu yake inalipwa kwa mkupuo, na mkupuo huo unapunguza kinachobaki cha kila mwezi, kwa hiyo usijione utapata vyote viwili kamili.

Hayo yote ni bure kama mwajiri hapeleki. Makato kuonekana kwenye karatasi ya mshahara si ushahidi kwamba pesa imefika. Omba taarifa ya michango NSSF kila baada ya miezi mitatu, kwenye mtandao wao au ofisini, uhesabu mwezi kwa mwezi. Ukiona pengo, andika barua kwa mwajiri ukiwa bado kazini, na nakala NSSF. Baada ya miaka kumi kampuni imefungwa na mhasibu amehama, utakuwa na karatasi za mshahara tu mkononi. Hizo nazo zihifadhi zote, usitupe hata moja.

Jambo la mwisho kwangu, na nalisema kwa uzito: mirathi. Mmoja wenu akifariki, kutoa pesa kwa namba ya siri ya marehemu ni kosa, hata kama ni mume au mke. Akaunti inasimama mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Hatua ni cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kikao cha ukoo na muhtasari wake uliosainiwa, kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kisha uteuzi. Msimamizi ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na mgawanyo. Familia huishi kwa kukopa kipindi chote hicho, na ndiyo sababu nyingine ya kuwa na akiba ya dharura kwa jina la kila mmoja wenu, isiwe yote kwa jina la mtu mmoja. Andikeni wosia. RITA inapokea na kuhifadhi. Kwa Waislamu, wosia usizidi theluthi moja ya mali, na warithi wa kisheria wana mafungu yao tayari.

---

Daftari_la_Hesabu

Nimalizie swali la UTT ya watoto, maana halijajibiwa. Isianze kabla ya ile 1,000,000 ya dharura. Ukianza mapema mno utauza vipande (sehemu zako kwenye mfuko) mwezi wowote mgumu. Ikishafika, elfu 30 kwa mwezi kwa yule mdogo, miaka 15, ni 5,400,000 ya mtaji kabla ya faida yoyote. Mfuko wa Watoto unapokea kuanzia 10,000. Thamani ya kipande hupanda na kushuka, kwa hiyo miaka miwili kabla ya chuo hamishia Ukwasi.

Yule mkubwa ana miaka kumi au kumi na moja tu mbele yake, na anawala 1,200,000 kila mwaka sasa hivi. Elimu ya serikali haina ada mpaka kidato cha sita. Nasema hili kwa heshima: kaeni wawili mwangalie kama shule hiyo inampa kitu ambacho shule ya serikali iliyo karibu na mwalimu wa masomo ya ziada haviwezi kumpa. Kama jibu ni ndiyo, abaki. Kama hamna uhakika, 100,000 kwa mwezi ni karibu nusu ya rejesho la mkopo wa nyumba.

Hatifungani za serikali (unaikopesha serikali kwa riba) msiziguse kwa sasa. Kiwango cha chini ni 1,000,000 na riba inaingia mara mbili kwa mwaka, ni nzuri kwa aliyestaafu. Mwenye mkupuo wa 20,000,000 kwenye kuponi (riba ya mwaka) ya asilimia 12 anapata 1,200,000 kila miezi sita bila kugusa mtaji. Lakini ukitaka kuuza kabla ya muda, unauza kwa bei ya soko, na riba mpya zikiwa zimepanda bei ya hatifungani yako imeshuka.

---

Mama_Wawili

Shule tutaizungumza wikiendi hii. Swali dogo kwa Karani: nikijiunga na SACCOS, mrithi nimwandike mume au watoto?

---

Karani_wa_Ushirika

Mwandike mtu mzima mnayemwamini wote wawili, kwa kawaida mume, na watoto kwa asilimia chini yake. Ukimwandika mtoto wa miaka mitatu peke yake, malipo yatasubiri mlezi atakayetambuliwa kisheria. Fomu ya mrithi hujazwa siku ya kujiunga na kusahaulika, na nyingi bado zina jina la mama mzazi aliyefariki au mchumba wa zamani. Akizaliwa mtoto mwingine, rudi ujaze upya, uombe nakala yenye muhuri, uiweke pamoja na taarifa za NSSF na zile karatasi za mshahara.